Mahali pa Kuitikia

Nyie vijana mnaokuja kwangu hapa Misunkumilo, Mpanda, na madaftari yenu, swali lenu huwa moja: shairi linaelewekaje? Mnakaa kwenye benchi, mnafungua ukurasa mpya, mnangoja niwape orodha ya kukariri. Nimefundisha Kiswahili sekondari karibu miaka thelathini, kwa hiyo orodha ninazo. Lakini nimezeeka, na sina hamu tena ya kuonekana mjuzi. Nitawaambia kwanza jinsi nilivyoliharibu shairi la binti aliyefiwa na mama yake. Mkinivumilia mpaka mwisho, mtaondoka na kitu ambacho chuo cha ualimu hakikunipa.

Nilikuja Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa treni ya kutoka Tabora, nikiwa na sanduku la bati na cheti nilichokifunga kwenye nailoni mbili kisilowe. Siku hizo Katavi haikuwa mkoa. Tulikuwa wilaya tu ndani ya Rukwa, na barua za wakubwa zilitufikia zikiwa zimeshapitwa na wakati. Shule ilikuwa na vitabu vinne vya mashairi kwa darasa la wanafunzi arobaini na kitu. Niliandika mashairi ubaoni, wanafunzi wakanakili, na vumbi la chaki likanikaa kifuani mpaka leo. Mkinisikia nakohoa, hicho ndicho kiinua mgongo changu.

Kwa kuwa nilikuwa mgeni wa kazi, nilishika kile kilichoshikika, nacho ni kuhesabu. Mashairi tuliyofundisha wakati ule, mshororo wake ulikuwa na mizani kumi na sita, yaani silabi nane, pumziko, halafu nane nyingine. Nikawaagiza wanafunzi walete punje za mahindi, kila silabi waiwekee punje moja juu ya dawati. Niliupenda sana huo ubunifu wangu. Tatizo ni kwamba kipindi kilikuwa cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, na wapo walioleta mahindi ya kukaanga. Ninapita kukagua, nakuta mshororo una mizani kumi na tatu, na mwenye mshororo anatafuna.

"Mwalimu, nyingine zimeanguka," wananiambia.

Kufikia ubeti wa tatu shairi zima lilikuwa limeliwa. Sasa hivi nacheka. Siku ile niliwasimamisha darasa zima kwa mguu mmoja, kwa sababu niliamini kabisa kwamba mizani ndiyo shairi lenyewe.

Katika ofisi ya walimu, meza yangu ilitazamana na ya Mwalimu Mwanisawa, Mfipa mrefu aliyebakiza miaka michache astaafu. Yeye kila shairi alilisoma kwa sauti, amefumba macho akishalishika, akilirudia hata mara tatu kabla ya kugusa kalamu. Ilinikera. Mimi nasahihisha madaftari, mwenzangu anaongea na ukuta. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, si usome kimya tu kama sisi?"

Akanijibu bila kufumbua macho, "Binti, mimi kusoma shairi kimya sijui. Wewe ulijifunzia wapi?"

Nilidhani ananitania, kumbe alikuwa ananiuliza kweli.

Sasa nimfikie Minza. Alikuwa kidato cha tatu, analala bwenini, kwao Majimoto kwenye mpunga. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Alikuwa msichana wa maneno machache, lakini akianzisha wimbo bwenini wenzake wote waliacha walichokuwa wakifanya. Kwenye masika ya mwaka wake wa tatu, utingo wa lori alileta barua shuleni. Mama yake Minza alikuwa ameugua ghafla na kufariki.

Tulimpandisha lori la kwanza lililopatikana. Likafika Sitalike, mto umefurika, likalala pale siku mbili. Minza alipofika kwao, mama yake alikuwa ameshazikwa siku tatu nyuma. Alirudi shuleni baada ya wiki moja, akaendelea na masomo, na hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyemwona akitoa chozi. Alinieleza jambo moja tu. Baba yake ameamua matanga yaanuliwe baada ya mvua, wajomba wakishafika kutoka Shinyanga, na siku hiyo Minza ndiye atakayesema mbele ya watu. Hakuwahi kumuaga mama yake, kwa hiyo atamuaga siku ile. Nafasi nyingine hakuna.

Wiki chache kabla ya siku yenyewe alikuja ofisini akiwa ameshika daftari kwa mikono miwili.

"Shikamoo mwalimu. Nimeandika kitu cha mama. Naomba unisikilize."

"Marahaba. Lete nione," nikasema, nikanyoosha mkono.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na naomba mlione. Mtoto aliomba kusikilizwa, mimi nikachukua daftari. Lilikuwa shairi la beti tano. Ubeti wa kwanza ninao kichwani mpaka leo:

Mvua ilikata njia, hukuningoja nyumbani,
Jembe naliangalia, limekauka pembeni,
Shamba lakuulizia, magugu yapo shingoni,
Nani atatuitia?

Beti zote tano zilikuwa hivyo. Mishororo mitatu imejaa, wa nne umekatika katikati. Macho yangu hayakuona mto uliofurika wala jembe lililokauka. Yaliona pengo, mkono ukaenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu.

"Minza, mshororo wa mwisho una nane tu. Nane nyingine ziko wapi?"

"Hapo pako hivyo, mwalimu."

"Hivyo vipi?"

"Pako wazi. Mama alikuwa anapaacha..."

"Wazi ni kosa," nikamkata. "Kwenye mtihani utaandika hivi? Ngoja."

Nikajaza beti zote tano, palepale, yeye amesimama pembeni yangu. Ule wa kwanza niliumalizia hivi: *Jibu sinalo moyoni.* Mizani ikatimia, vina vikatimia, nikajisikia fundi. Minza aliangalia ule wino kwa muda, akasema, "Ahsante mwalimu," akaenda kunakili kwenye karatasi safi. Kwao mwalimu habishiwi, na mimi nilichukulia ukimya wake kuwa ni shukrani.

Mkuu wa shule akanituma niiwakilishe shule kwenye matanga. Tulisafiri na Minza juu ya lori la chumvi, na njia nzima midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Nilidhani anakariri. Leo nadhani alikuwa anajaribu kumeza maneno yangu.

Kule Majimoto nilipewa kiti cha mbele, karibu na wazee. Wakati wa Minza kusema ulipofika, niliona jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Wanawake kama ishirini walitoka upande wa jikoni, kila mmoja na jembe lake begani, wakajipanga mstari mmoja uwanjani. Lilikuwa kundi alilokuwa akilima nalo marehemu. Walilimiana kwa zamu, leo jaruba la mpunga la huyu, kesho la yule. Kulikuwa na Wapimbwe, Wasukuma na Wafipa, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha yake, shambani waliimba kwa Kiswahili. Mama yake Minza ndiye aliyekuwa akiita. Alisimama mwisho wa mstari upande wa kulia, akaita, akaacha, na pale alipoacha wenzake waliitika kwa maneno yao yaleyale ya kila siku huku majembe yakishuka pamoja. Haya yote nilielezwa baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba ile nafasi ya mwisho upande wa kulia wameiacha tupu, na Minza akaenda kusimama hapo.

Akaanza. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilifika. Kwenye mshororo wa kwanza niliona majembe yakinyanyuka kidogo kidogo kutoka mabegani. Kwenye wa tatu yalikuwa juu. Minza akafika "Nani atatuitia?", wanawake wakavuta pumzi, na yeye, bila kupumzika, akaendelea na maneno yangu: "Jibu sinalo moyoni."

Mwanamke mmoja alikuwa ameshafungua mdomo, sauti yake ikagongana na ya Minza ikakatika. Majembe yakabaki hewani, hayajui yafanye nini. Ubeti wa pili walijaribu tena, na tena wakakuta mlango umefungwa. Ubeti wa tatu wachache tu ndio waliojaribu. Ubeti wa tano ulisomwa majembe yote yakiwa chini na wanawake wameinamisha vichwa. Minza alimaliza, akakunja karatasi.

Mama Kalunde, Mpimbwe mmoja mnene aliyekuwa akisimama jirani na marehemu shambani, akamsogelea. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa.

"Sasa mwanangu, sie tuingilie wapi? Mbona umemaliza yote peke yako? Na eti jibu huna. Sisi si tupo hapa?"

Minza alinitazama mara moja, haraka. Halafu akasema, "Nimekosea, mama mkubwa. Ni mimi."

Vijana wangu, nilikuwa na miguu ya kusimama na mdomo wa kusema. Hatua sita tu zilitutenganisha. Ningesema, "Huyu mtoto hana kosa, nipeni mimi hiyo lawama, naye aanze upya kama alivyoandika." Majembe yalikuwa bado mikononi mwao. Sikusimama. Niliona aibu, mwalimu mzima wa kutoka mjini, niliyekalishwa kiti cha mbele. Nikaangalia viatu vyangu. Baadaye waliniletea wali na kuku kabla ya wageni wengine wote, nikala.

Tuliporudi shuleni, mkuu alilitaka shairi, akalibandika kwenye ubao wa matangazo kama mfano wa kazi nzuri. Lilikaa pale wiki nzima, na Minza alilipita kila asubuhi akienda darasani. Sikulibandua.

Aliyenifumbua macho ni Mwalimu Mwanisawa. Nilimsimulia kwa kulalamika, kwamba watu wa kule hawaelewi ushairi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mtoto alipokuletea, alikusomea?"

"Aliniletea daftari."

"Ulilisoma kwa sauti kabla ya kulisahihisha?"

Akaomba lile daftari, ambalo nilikuwa nimebaki nalo, akafunika wino mwekundu kwa kipande cha karatasi, akasoma ubeti wa kwanza kama kawaida yake. Alipofika "Nani atatuitia?" akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikaanza kutamani mtu aseme kitu, mtu yeyote. Nilijikuta nimevuta pumzi kama wale wanawake. Nikaelewa, na sikuwahi kujisikia vibaya vile katika maisha yangu.

"Nimwambieje?" nikamuuliza.

"Mimi sikuwepo kule," akasema, akarudi kwenye madaftari yake.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikwenda siku ileile. Hapana. Nilimwita Minza ofisini mara mbili nikaishia kumuuliza habari za hisabati. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka alijibu maswali yote vizuri, isipokuwa lile la ushairi. Aliandika namba ya swali, akapiga mstari chini yake kwa rula, akaacha ukurasa mweupe. Bwenini alishaacha kuanzisha nyimbo. Nilikaa na ule ukurasa mweupe mbele yangu nikalia, mimi niliyekuwa nawaambia wenzangu kwamba sisahihishi kwa moyo.

Kabla sijawamalizia, niwaambie namna nilivyobadili kazi yangu tangu hapo, maana ndicho mlichofuata. Niliacha kuanza na mizani. Mizani ni muhimu, na mtazihesabu, lakini mwisho. Kwanza soma kwa sauti, taratibu, ukisimama pale shairi linapokutaka usimame, hata kama huoni sababu. Halafu jiulize ni nani anaongea, anaongea na nani, na kitu gani kimetokea hata akashindwa kukaa kimya. Mtu aliyechelewa maziko haongei kama mtu anayemsifia mchumba. Ukishajua kilichomfungua mdomo, nusu ya yale maneno magumu yatajieleza yenyewe.

Na ukikuta pahali pa ajabu, pamepungua au pamezidi, usikimbilie kusema mtunzi amekosea. Kaa hapo. Mara nyingi hapo ndipo alipoweka mkono wake. Huenda kweli amekosea, watunzi ni watu, lakini wewe anza kwa kumdhania mema.

Kazi ya nyumbani niliyokuja kuipenda kuliko zote ilikuwa hii. Niliwaambia wanafunzi wakamsomee shairi mtu ambaye hakwenda shule, wasimuulize chochote, waangalie tu mikono yake. Binti mmoja wa Kakese alimsomea bibi yake aliyekuwa akimenya karanga. Akaja kuniambia, "Mwalimu, mshororo wa saba bibi aliacha kumenya." Nikamwambia aandike insha yake nzima juu ya mshororo huo. Ilikuwa insha nzuri. Na nyie mna simu, mnaweza kujirekodi mkajisikiliza, sisi hatukuwa na bahati hiyo. Ila simu haitaacha kumenya karanga.

Basi. Likizo ya Desemba ilipofika, mvua za kwanza zilikuwa zimeshalainisha ardhi, nikapanda lori kwenda Majimoto. Sikuwa nimetumwa na mtu. Nilielekezwa shambani, nikawakuta wanawake wale wamejipanga ndani ya jaruba, wanalima kimya. Minza alikuwa katikati ya mstari. Ile nafasi ya mwisho upande wa kulia ilikuwa bado tupu, na majembe yalishuka ovyo, kila moja kwa wakati wake.

Nikasimama kwenye tuta, nimevaa viatu vya kazini. Nilikuwa nimepanga hotuba, ikayeyuka yote.

"Mama Kalunde," nikasema, "siku ile ya matanga mtoto hakukosea. Aliwaachia mahali pa kuitikia. Niliyepaziba ni mimi, kwa kalamu yangu, na alipotaka kunieleza nilimkatiza. Halafu mlipomuuliza nikamwacha abebe peke yake. Nimekuja kusema hivyo mbele yenu nyote."

Mmoja alitema mate pembeni. Minza alikuwa ameinamia mpini wa jembe lake, uso siuoni. Mama Kalunde alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu.

"Umekaa nalo tangu kiangazi kinaanza mpaka mvua hizi?"

"Ndiyo."

"Mh." Akafikiri. "Vua viatu, mwalimu."

Nikavua. Akanipa jembe, akanisimamisha karibu yake, tope likanifika kwenye vifundo. Halafu akamgeukia Minza.

"Haya mwanangu. Kaa pale pa mama yako."

"Siwezi tena, mama mkubwa. Yameshaharibika."

Sikujua kama nina haki ya kumsemesha, lakini nilimsemesha. "Minza, ulikuja kuniomba nikusikilize. Sijakusikiliza mpaka leo. Nimekuja kuitika tu, sitagusa neno."

Minza alichomoa jembe lake kwenye tope. Halafu akatembea polepole nyuma ya migongo ya wenzake mpaka mwisho wa mstari, upande wa kulia, akageuka. Hakuwa na karatasi.

Akaita mvua iliyokata njia. Akaita jembe lililokauka na shamba lenye magugu. Majembe yakapanda, na langu likapanda nayo.

"Nani atatuitia?"

Akanyamaza. Nami kwa mazoea ya kazi kichwa changu kikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, na kabla sijafika popote wale wanawake ishirini walikuwa wameshamjibu binti yao kwa sauti moja:

"Wewe ita, twaitika!"

Majembe yakashuka, langu likashuka mwisho, peke yake. Minza aliweka mkono mdomoni. Machozi yalimtoka kwa nguvu, yale yote ya tangu lori lililolala Sitalike, na niliogopa kwamba ataishia hapo. Mama Kalunde akanyanyua jembe lake juu, akangoja. Wengine wote wakanyanyua, wakangoja. Nami nikangoja nao.

Minza akafuta uso kwa kiganja chenye tope, akaita ubeti wa pili. Safari hii nilikuwa ndani kwa wakati. Aliita huku analia, na sisi tukaitika mpaka jaruba likaisha.